Mkoba wa Bibi na Chumba cha Mbele

Mtoni kwa Azizi Ali,
Temeke,
Dar es Salaam.

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Hija,

Assalaam alaykum, na shikamoo shangazi yangu. Kabla sijagusa jambo lolote, u hali gani huko Maskati? Joto limepungua, au bado mnatoka nje kwa kukimbia kutoka kivuli hadi kivuli? Na goti je? Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda ngazi, kisha Baba Mkubwa akaichukua simu na goti likasahauliwa palepale. Ukijibu, tafadhali anza na goti.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Bibi mzima. Anakula vizuri na kulalamikia chumvi katika kila chakula asichopika yeye, na unamjua mama yako, siku akiacha kulalamikia chumvi ndipo tuanze kuogopa. Baba bado yuko na lori lake njia ya Tunduma, tunamwona kwa mafungu. Mama hajambo. Bati la uani lililokuwa likivuja wakati wa masika limezibwa, ila sasa panavuja pembeni yake.

Barua hii anakuletea Najat, binti wa jirani, anayekuja huko kuanza kazi. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu kama watu wengine. Shangazi, simu ya nyumba hii ni ya ukoo mzima. Ukipiga wewe inazungushwa kama sahani ya tende, na ikinifikia mimi imebaki kokwa. Halafu nilichonacho ni kirefu, na kina vitambaa ndani yake. Kitambaa hakisimuliki kwenye simu, na picha nazo hukisingizia rangi.

Jambo lenyewe nalisema mapema ili usisome huku roho ikidunda. Ni chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, ambamo marehemu Babu alikuwa akiuzia mafuta ya taa na sabuni, kisha akaniachia niweke cherehani yangu. Baba Mkubwa Mbwana anataka kukipangisha kwa wakala wa pesa za simu, na mimi niende Mbagala kwenye ghala la saruji la rafiki yake nikafanye kazi ya uhasibu niliyosomea. Nyumba ni ya marehemu, na wenye kauli ni Bibi, Baba Mkubwa, Baba yangu na wewe. Kikao kimekwisha kufanyika na kila mmoja amesema lake. Limebaki neno lako. Ukiungana na Baba Mkubwa, kazi yangu ya mikoba imeishia hapo, kwa sababu sina pengine pa kuiweka. Kwa hiyo nataka uijue kazi hiyo kwanza, kisha useme utakavyoona.

Wewe uliondoka nikiwa darasa la tatu, na najua kwa upande wako bado mimi ni yule mtoto wa kuchokonoa redio. Udadisi haujaniacha, umehamia kwenye nguo. Nilipomaliza stashahada ya uhasibu nilikaa nyumbani nikisubiri ajira, na rafiki yangu Benedicta, niliyesoma naye chuo, akawa na dada yake anafanyiwa kitchen party. Walishona sare, vitenge vikabaki vipande vipande. Nikachukua bangili za zamani za plastiki, nikazivisha vile vipande kwa gundi na uzi. Siku ya shughuli wanawake waliziulizia bangili kuliko walivyomuulizia bwana harusi. Hapo ndipo niliposhikwa. Nikaingia kwenye hereni, mikanda, vilemba vilivyofungwa tayari, na mwisho nikafika kwenye mikoba, ambako ndiko nilikonasa.

Mkoba ulinishinda mwanzoni, maana kitambaa kikikunjwa mara nne sindano ya kawaida inavunjika. Nikaenda kwa mzee Kamugisha, fundi viatu wa pale karibu na kituo, Mhaya mmoja mkimya sana, nikakaa pembeni ya benchi lake nikitazama. Alinivumilia kama wiki hivi, kisha akaniuliza kama nina njaa au nina shida. Nikamwambia nina swali. Akacheka, akanionyesha sindano nene, uzi wa kutia nta na jinsi ya kushonea mkono wa mkoba ili usichomoke. Sasa tunaheshimiana. Wateja wake wakileta zipu mbovu, mimi nampelekea nzima, na yeye hunitobolea matundu ya ngozi.

Udadisi wenyewe, Shangazi, ni huu: mwanamke anabeba nini, na kwa nini? Nimewauliza wengi hata wengine wakaniona mbea. Kuna muuza samaki wa Mtoni anayetembea na chupa ya marashi asiyojipulizia kamwe, anasema inatosha kujua ipo. Kuna mwalimu aliyebeba funguo za nyumba aliyokwisha kuhama. Karibu kila mkoba nilioruhusiwa kuutazama una kitu ambacho hakina kazi, na mwenyewe hakubali kukitoa. Je, wanawake wa huko wakoje? Wakikaa mezani huufungua mkoba mbele za watu, au hugeuka pembeni kwanza? Nitafurahi sana ukinitazamia.

Sasa nije kwa Bibi. Babu alituacha siku chache kabla ya Ramadhani, hilo unalijua, na uchungu wa kuwa mbali siku ile unaujua kuliko mimi. Bibi akaingia eda ya miezi minne na siku kumi, akakaa chumba cha ndani, akiwa na nguo zake nyeupe zisizo na ua wala mstari, bila wanja, bila marashi. Siku za kwanza wageni walijaa. Kisha wakapungua, kama kawaida ya wageni wa msiba, na mfungo ukaingia, na yeye akabaki na sauti za barabarani zinazofika kule nyuma zimechoka.

Unakumbuka Babu alivyokuwa akiniita mke wangu, na Bibi akiniita mke mwenzangu. Siku moja nimempelekea uji wa kufuturu, akaniangalia akasema, "Mume tulikuwa naye wawili, eda mbona nakaa peke yangu?" Alikuwa anatania, lakini macho yake hayakutania. Kesho yake nikabeba cherehani, kapu la vipande na pasi, nikahamia chumbani kwake. Nilisema naenda kumliwaza. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe chumba cha mbele kilikuwa kimenielemea, kila nikiinua kichwa nategemea kumwona Babu mlangoni akiniuliza leo nashona nini.

Kukawa na maneno. Mama aliona si sawa mjane azungukwe na vitenge vyenye rangi za kupiga kelele, watu watasemaje. Baba Mkubwa naye akalishika hilo. Ikabidi aulizwe Ustadh Badru wa msikiti wetu, naye akasema aliyekatazwa kujipamba ni mjane, hakukatazwa kuona, na kwamba kama ni hivyo basi tumfunge na macho asitazame hata embe. Bibi aliposimuliwa jibu hilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Basi tukakaa naye masika yote, mvua inapiga bati, yeye kitandani kwa nguo nyeupe, na mimi sakafuni nimezungukwa na kila rangi iliyoko Kariakoo.

Aliuliza maswali kunizidi mimi. Nilikuwa na kitenge cha ndege, nikakikata kipande kimoja kirefu, nikakikunja kati ili kitako cha mkoba kisiwe na mshono. Nikamwonyesha nikijisifu. Akaugeuza upande wa pili, ambako kwa sababu ya kule kukunja ndege walikuwa miguu juu, akauliza, "Na hawa wamekufa?" Mikoba mingapi nilishauza yenye ndege waliokufa mgongoni, na hakuna mteja aliyeniambia? Tangu hapo nakata vipande viwili, kila kimoja kikitazama juu. Tulicheka sana siku hiyo, kisha akauliza kama Babu aliwahi kuwaona ndege hao wa mgongoni. Nikamwambia hakuwahi.

Idd mbili zikapita naye akiwa ndani. Nikaanza kujiuliza jambo moja ambalo sikuweza kulitoa kichwani: mtu aliyekaa kwenye nyeupe muda wote huo, siku ya kutoka atataka rangi gani? Nilimuuliza kwa njia ya moja kwa moja na kwa kuzunguka. Nilimwekea vipande mbele yake nikijifanya napanga. Alikuwa akisema tu, siku ikifika. Nikaona nimshonee mkoba kwa siri, kwa mkono, usiku yeye akiwa amelala. Nilichagua kitenge cha buluu na chungwa, chenye maduara makubwa ambayo wengine husema ni maua na wengine hushikilia kuwa ni vitunguu vilivyokatwa. Nje nikaweka kitenge, ndani nikaweka kaki, kama mikoba yote inavyoshonwa duniani. Sijawahi kushona kitu kwa mapenzi kama kile.

Siku ya kutoka eda ilikuwa ya shughuli hasa. Walikuja wanawake wa mtaa mzima, ikasomwa dua, pilau likapikwa uani. Bibi alioga, akavaa lile gauni la zambarau ulilomtumia, akafukizwa udi wako pia, na Shangazi, alipotoka chumbani alikuwa mzuri hata watu wakainuka. Mimi nikapita mbele, nikampa mkoba. Aliupokea kwa mikono miwili. Akautazama, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, kisha mbele ya wageni wote akaugeuza nje ndani, kama mtu anavyogeuza foronya. Akatia humo kikopo chake cha tambuu na leso, akautundika mkononi. Kaki nje, mishono yangu na nyuzi zinaning'inia mbele za watu, na kitenge chote kimemezwa.

Nilisikia mtu akisema maskini, ni uzee. Mwingine akasema ni mwanga, katoka gizani. Baba Mkubwa hakusema vibaya, ila alinong'ona kwa Mama, nami nikasikia, kwamba hata mama yake mzazi anaona haya kuubeba. Nikaenda uani kusaidia kuosha sahani ambazo zilikuwa hazijatumika bado. Sikufichi, nililia. Niliona kazi yangu yote imejibiwa pale, na jibu ni hapana.

Asubuhi yake nilimkuta amekaa kibarazani, mkoba pajani, bado umegeuzwa. Nikamuuliza kosa langu ni nini. Akanishangaa.

"Kosa gani? Mkoba mzuri huu."

"Sasa mbona umeugeuza, Bibi?"

"Mie nimekaa ndani miezi yote, kila anayeingia ananikodolea macho, nimevaaje, nimelia, sijalia. Sasa nimetoka. Nataka nitazame mie, si nitazamwe. Maua yangu nayaona mwenyewe nikifungua kutafuta tambuu." Akaufungua kidogo akachungulia, kisha akanionyesha nyuzi. "Ila huku nje hukumalizia vizuri."

Nilirudi ndani kama mtu aliyepewa fumbo na jibu lake kwa wakati mmoja. Niliuomba mkoba ule, nikaufumua wote, nikaushona upya kwa namna aliyoutaka. Kaki nje, safi, mishono imefichwa. Kitenge ndani, na humo ndani mfuko mdogo wa tambuu. Na nilipokuwa nashona nikaanza kujiuliza. Kitambaa cha nje mtu humchagulia jirani yake, akione. Cha ndani anamchagulia nani? Kama hakuna atakayekiona isipokuwa wewe, utataka kuona nini?

Kwa hiyo nikaanza tena kuuliza wanawake, na safari hii hakuna aliyeniona mbea. Walisimama, wakafikiri. Yule muuza samaki alijibu upesi: kitu chochote kisicho samaki. Mama yangu alisema mihogo iliyopandwa kwa mistari, kwao Kisarawe, kabla shamba halijauzwa. Lusungu, yule mwalimu wa funguo anayetoka Tukuyu, alisema ukungu. Nikamuuliza ukungu nitauchora vipi. Akasema hilo ni lako, mimi nimeulizwa ninachotaka.

Vitambaa vya namna hiyo Kariakoo havipo, ikabidi nichore na kuchapa mwenyewe. Mzee Kamugisha akaniambia kuna vijana kule Chamazi, karibu na uwanja wa mpira, wanaochapa jezi na fulana za mashabiki kwa fremu na wino. Nikaenda na michoro yangu. Walizoea kuchapa nembo na namba za mgongoni, na mimi nawaambia nataka mihogo. Walinicheka, kisha mmoja akaushika mchoro akauliza mistari hii mbona haifiki pembeni, ukiirudia itakatika. Tukakaa hapo mpaka alasiri tukitafuta jinsi mstari wa mwisho unavyoweza kukutana na wa kwanza ili kitambaa kionekane hakina mwisho. Shangazi, kazi ya uhasibu sijawahi kuisahau njaa kwa ajili yake. Siku ile niliisahau.

Mambo hayakunyooka mara moja. Mikoba ya kwanza nilitaka nje iwe marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, kwa kumfuata Bibi na nguo zake. Nilishona kadhaa nikaitundika kamba ya uani, Mama akatoka jikoni akaiona, akaenda moja kwa moja kuitungua. "Huo mkoba au sanda? Nani atakayejitwika sanda begani kwenda nayo sokoni?" Nilikuwa nimekaa na nyeupe muda mrefu hata nikasahau inavaliwa na nani mara ya mwisho. Nikarudi kwenye kaki, na mingine nikaishona kwa jinzi. Ile ya marekani nimeifanya vifuko vya kuhifadhia chumvi na pilipili.

Benedicta sasa ana duka dogo la urembo Sinza, akakubali kuitundika. Ikakaa. Ilitundikwa imefungwa, na mkoba wa kaki uliofungwa ni mfuko wa kwendea gengeni. Watu walipita wakanunua hereni. Benedicta akaanza kunionea huruma, jambo ambalo ni baya kuliko kugombezwa. Nikaomba nikae dukani mwenyewe. Kila mwanamke aliyeingia nilimpa mkoba mkononi bila maneno ya biashara, nikamwambia tu, "Fungua, dada." Ningependa uwe pale uone. Uso wa mtu anayefungua mkoba mtupu na kukuta ukungu wa Tukuyu humo ndani hubadilika, halafu haraka huufunga, kama aliyechungulia chumba cha mtu. Kisha huufungua tena. Wengi wa wanaonunua ni wanawake wa maofisini na wauguzi, ambao kazini hawaruhusiwi mbwembwe. Tangu mwezi uliopita Benedicta anataka mikoba mingi kuliko mikono yangu inavyoweza, na anasema nisithubutu kuanza kazi ya saruji.

Katika kifurushi cha Najat kuna mkoba wako. Nje ni kaki. Ukiufungua usidhani nimeusahau, ndani nimeuacha mweupe mtupu kwa makusudi. Nilimuuliza Bibi, mwanao Hija angependa kuona nini akifungua mkoba wake huko Maskati? Alifungua mdomo kunijibu, akaufunga. Akasema, "Alipoondoka nilikuwa najua. Sasa sijui. Muulize." Kwa hiyo nakuuliza. Andika neno moja au kumi, nitalichora.

Sasa kikao. Kilifanyika Jumapili iliyopita, Baba alikuwa amerudi safari. Nisije nikamchora Baba Mkubwa kwa rangi asiyo nayo, maana hana ubaya nami. Alisema mbele ya wote kwamba alimwona baba yake akikaa katika chumba kile miaka na miaka akingoja wateja wa mafuta ya taa hata umeme ulipofika kila nyumba, na hataki kuniona mimi nikikaa kwenye kiti kilekile nikingoja wateja wa mikoba. Baba, kama ulivyozoea, akasema alilosema kaka ndilo lake. Mimi niliulizwa nina la kusema, na mimi ninayewauliza maswali wanawake wa Dar es Salaam nzima nikakosa hata sentensi moja.

Wote tukamgeukia Bibi. Nilidhani atanitetea mke mwenziwe. Akasema, "Chumba cha mbele hakipangishwi. Kina mtu."

Baba Mkubwa akasema kwa upole, "Mama, si Raudha huyu ndo tunamzungumzia?"

"Raudha hakai pale. Nakaa mie."

Akaeleza bila haraka. Amesikia barabara miezi yote akiwa nyuma, asijue nani kapita, gari la nani limepiga honi, nani kagombana na nani. Anataka dirisha. Mimi nichukue chumba chake cha ndani niweke cherehani na fremu zangu, kwa sababu mikoba yangu si ya kuita watu barabarani, wanaoitaka wanaifuata Sinza. Tena kile chumba, alisema, kimeshazoea cherehani, kikikosa kelele kitamwogofya yeye akipita. Baba Mkubwa akasema neno la haki: kuna mrithi mwingine, hayupo hapa, na bila kauli ya Hija hatuwezi kufunga shauri. Bibi akakubali. Jioni ileile akaagiza kitanda chake kihamishwe mbele.

Hivi ninapokuandikia, mimi niko chumba cha ndani, mashine iko karibu na mlango wa uani ambako mwanga ni mzuri. Yule wakala wa pesa anapita kila baada ya siku mbili kuulizia, na Bibi humjibu mwenyewe dirishani kwamba asubiri, shauri liko Maskati. Nafikiri analipenda jibu hilo. Hulisema kwa sauti, ili na wengine wasikie kwamba ana mtoto Maskati ambaye nyumba hii haikati neno bila yeye.

Kuna jambo moja ambalo kikaoni halikusemwa. Kitanda chake kilipoingia chumba cha mbele, alituma kitolewe na kitanda kingine kilichokuwa stoo, kikaangaliwa kunguni, kikapigwa maji ya moto, kikaanikwa juani, kikaingizwa upande wa ukutani. Ametandika shuka mpya. Wajukuu hawaruhusiwi kukilalia, wageni hawaruhusiwi hata kuweka mizigo. Nilimuuliza ni cha nani, akanijibu kwamba mwenyewe akija atakijua. Shangazi, hakuwahi kukulaumu kwa kutokuwepo siku ya mazishi, anajua mwajiri wako hakukuruhusu na anamwambia hivyo kila anayeuliza. Lakini nimekaa naye chumba kimoja eda nzima, nami nasema nilichokiona: alimlilia mume mchana, mbele za watu, na wewe alikulilia kwa kugeukia ukuta.

Basi kauli ni yako, na yoyote utakayoitoa nitaipokea. Ukisema chumba kipangishwe, nitakunja vitambaa vyangu nimrudishie Bibi chumba chake cha ndani, na Mbagala nitakwenda bila kinyongo. Cherehani nitaibeba, na kitanda cha Bibi nitakirudisha nyuma. Kile cha ukutani sitakigusa. Hicho, Shangazi, itabidi uje ukitoe mwenyewe.

Wanakusalimu wote: Baba Mkubwa Mbwana na nyumba yake, Baba kabla hajaondoka tena kwenda Tunduma, Mama, na mzee Kamugisha ambaye hakujui lakini amesikia habari zako na ameshona mikono ya mkoba wako kwa ngozi nzuri kuliko aliyoahidi. Benedicta naye anakusalimu, anauliza kama huko kuna duka. Bibi anasema salamu zake hazipiti kwenye karatasi.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akulainishie moyo wa mwajiri wako, na akufungulie njia.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na kukungojea,

Raudha